Baada ya tisa ni kumi

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa majuma matatu hivi na wengine mmeniuliza kama nimehama. Sijahama. Niko hapa hapa Ndalu, na sababu ya ukimya wangu ni nambari 10.

Kwa wasiopajua: Ndalu iko upande wa Tongaren, Kaunti ya Bungoma, lakini kwa mambo ya soko na vipuri vya kompyuta sisi hupanda matatu kwenda Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia. Huku ni nchi ya mahindi na maziwa. Mtandao upo, ila si kila mahali, na bando la kupakua programu nzima nzima ni hela ambayo mtu wa kawaida angependelea kununulia sukari.

Ndiyo maana, miaka michache iliyopita, niliandika kijiprogramu nilichokiita Gunia. Gunia ni kisimamizi cha vifurushi. Kama umewahi kutumia Debian au Ubuntu ukaandika apt install, basi umetumia kitu cha aina hiyo: unaitaja programu unayoitaka, nacho kinaitafuta, kinatafuta na vitegemewa vyake, yaani vile vitu ambavyo programu hiyo haiwezi kwenda bila hivyo, kisha kinasakinisha vyote kwa mpangilio. Tofauti ni kwamba apt huenda mtandaoni, na Gunia husafiri kwa boda boda. Nalijaza flashi nyumbani, naipeleka kwenye maabara ya shule mbili, saiba moja, na kikundi cha maziwa ambacho shangazi yangu ndiye mweka hazina. Nachomeka flashi, Gunia linaangalia kilichomo kwenye mashine, linalinganisha na kilichomo kwenye flashi, na kama kuna toleo jipya linasasisha.

Hilo neno "kama kuna toleo jipya" ndilo lililonitia aibu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Nilipitia kwa shangazi nikachomeka flashi kwenye laptopu ya kikundi. Gunia likasema limesasisha kifurushi kimoja. Nikanywa chai, nikaaga, nikaenda zangu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Mulembe, mwanangu."

"Mulembe, shangazi. Mmeamkaje?"

"Tumeamka, lakini kuna ng'ombe hapa kwenye kompyuta ametoa lita 75 asubuhi moja. Nataka unionyeshe ng'ombe huyo ni wa nani, nimnunue."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Hesabu za kikundi hufungwa Jumapili na malipo hutoka Alhamisi, na kuna watu ambao pesa hizo ndizo karo na ndizo dawa. Nikachukua boda.

Acha nieleze kilichotokea, maana makosa yote mawili ni yangu na sina wa kumsukumia.

Programu ya maziwa haiandiki kumbukumbu yenyewe. Inatumia maktaba ndogo, yaani kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine, ambayo pia niliiandika mimi. Kazi yake ni kuandika na kusoma rekodi. Hadi toleo la 1.9, maktaba hiyo ilihifadhi lita nzima tu. Ukileta lita saba na nusu, karani aliandika 7 au 8 kutegemea alivyoamka. Wanachama wakalalamika, na walikuwa na haki: nusu lita kila siku kwa siku 30 ni lita 15. Kwa hiyo nikatoa toleo jipya linalohifadhi sehemu za kumi. Lita 7.5 inaandikwa 75 ndani ya faili, na wakati wa kusoma inagawanywa kwa 10. Toleo hilo nililiita 1.10, nikalisakinisha kwa mkono kwenye laptopu ya kikundi, na miezi miwili ikapita salama.

Ijumaa ile Gunia lilikuta 1.10 kwenye mashine. Kwenye flashi, kwa sababu sikuwa nimefuta vya zamani, lilikuta 1.9. Likajiuliza lipi ni jipya. Na Gunia, kwa uvivu wangu, lilikuwa likilinganisha matoleo kama maneno. Ukifungua Python ukaandika:

'1.10' > '1.9'

utajibiwa False. Kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi kama mtu anayepanga kamusi. 1 na 1, sawa. Nukta na nukta, sawa. Kisha 1 na 9: 1 hutangulia 9, basi, mjadala umefungwa, 1.9 ndiyo kubwa. Ile sifuri ya mwisho haikuangaliwa hata kidogo. Gunia likaondoa toleo jipya, likaweka la zamani, likanitangazia kwa furaha kwamba limesasisha.

Toleo la zamani halikujua habari ya kugawanya kwa 10. Likasoma 75 likaona lita 75.

Hiyo ilikuwa nusu ya hasara tu, tena nusu nyepesi, kwa sababu kosa kubwa hivyo kila mtu analiona. Niliporudisha 1.10, rekodi za zamani zikanyooka, nikapumua. Halafu shangazi akashusha kidole polepole kwenye orodha hadi Jumamosi na Jumapili. Kuna mama mmoja, mjane, mwenye ng'ombe mmoja. Jumamosi alileta lita 6. Kompyuta ilisema 0.6.

Unaona kilichotokea? Rekodi za siku hizo mbili ziliandikwa na toleo la zamani, lita 6 ikaandikwa 6, na sasa toleo jipya linaigawanya kwa 10. Lita 75 inapiga kelele. Lita 0.6 inanyamaza, na mwenye ng'ombe mmoja hana sauti kubwa mkutanoni. Kama ningerudisha toleo jipya na kuondoka, angelipwa vile.

Gunia huandika saa ya kila usakinishaji, kwa hiyo nilijua kilichoandikwa baada ya saa kumi na mbili na dakika 40 jioni ya Ijumaa kilikuwa na kasoro. Ningeweza kuzidisha kila kitu kwa 10. Lakini nusu lita za siku hizo mbili zilikwisha kupotea, toleo la zamani halikuzihifadhi. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi. Karani bado huandika kwa kalamu kwanza, kisha huingiza kwenye kompyuta. Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia hiyo ni kazi mara mbili. Sitamwambia tena.

Tulikaa mezani, yeye anasoma, mimi naingiza. Katikati ya kazi shangazi akauliza kosa lilikuwa nini hasa. Nikamweleza kwamba mashine ilidhani 1.10 ni ndogo kuliko 1.9.

Akanitazama. "Hiyo mashine haijawahi kununua mbegu?"

Wakulima mnajua alichomaanisha. Wengine nitawaeleza. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu ya mahindi H611 ilitoka mwaka 1964. Ile 6 ya mwanzo huambia mkulima kwamba mbegu ni ya nyanda za juu kama huku kwetu. Za maeneo ya kadiri huanza na 5, kama H511 na H513. Sasa tazama mfululizo huu: H625, H626, H627, H628, H629. Inayofuata ni ipi? Si H630. Ni H6210, na baadaye ikaja H6213. Shangazi huisoma "sitini na mbili, kumi na tatu", vipande viwili. Hakuna mkulima Ndalu anayeiona H6210 akasema hii ni ya zamani kuliko H625 kwa sababu 1 hutangulia 5. Wala hakuna anayesema ni elfu sita mia mbili na kumi. Anajua kila kipande kinahesabika peke yake, na baada ya tisa ni kumi.

Basi dawa ya kwanza niliipata kwa muuza mbegu. Kata toleo vipande, kila kipande kifanye nambari, kisha linganisha kipande kwa kipande:

def vipande(toleo):
    return [int(k) for k in toleo.split('.')]

Sasa vipande('1.10') ni kubwa kuliko vipande('1.9'). Mistari miwili. Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa mtego, kwa sababu mistari hiyo itakwama siku utakapokutana na toleo linaloitwa 1.10-2 au 1.10a. Pia itasema 1.0 na 1.0.0 ni vitu tofauti.

Nikaenda kusoma wakubwa walifanyaje. Mradi wa Debian ulianza mwaka 1993, apt ikaja mwaka 1998, kwa hiyo hayo yote yamewakuta zamani. Kanuni yao inasoma toleo kutoka kushoto, ikibadilishana: sehemu isiyo nambari inalinganishwa kama herufi, sehemu ya nambari inalinganishwa kama nambari, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Wana alama ya wimbi, ~, ambayo hutangulia kila kitu, hata mwisho wa toleo. Hivyo 1.10~jaribio ni ndogo kuliko 1.10 yenyewe, na mtu aliyejaribu toleo la majaribio atapata la kweli likitoka. Halafu, na hili limenifurahisha, wanaruhusu nambari ya zama mbele ya toleo, ikifuatwa na nukta mbili, kama 1:0.5. Kazi yake ni kukiri: tulikosea kuhesabu huko nyuma, sasa tunaanza zama mpya. Watu waliotengeneza kanuni wakijua wenyewe watakosea, hao naweza kuwaamini. Nikafuata kanuni yao, na kwenye mashine yenye Debian unaweza kuijaribu hivi:

dpkg --compare-versions 1.10 gt 1.9 && echo ndiyo

Dawa ya pili: Gunia sasa halirudi nyuma kimyakimya. Likiona linataka kuweka toleo dogo kuliko lililopo, linasimama na kuuliza.

Lakini kosa la pili, ndugu msomaji, si la kulinganisha. Ni la ahadi. Nilibadilisha namna ya kuandika rekodi, faili za toleo jipya hazisomeki sawasawa na toleo la zamani, halafu nikaita mabadiliko hayo 1.10 kana kwamba nimepaka rangi mlango. Kuna desturi ya kutoa matoleo iliyoandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, ambayo toleo lake la 2.0.0 ni la mwaka 2013. Inasema hivi: nambari ya tatu inapanda ukirekebisha kasoro, ya pili ukiongeza kitu bila kuvunja kilichopo, ya kwanza ukivunja. Mimi nilivunja. Ilipaswa kuwa 2.0. Nambari ya toleo ni neno unalompa mtu ambaye hutakuwepo atakapokuwa anasakinisha, na neno langu lilikuwa la uongo.

Na programu ya maziwa nayo ilikuwa na kosa lake. Ilitangaza tu kwamba inahitaji maktaba ya rekodi, haikusema toleo gani. Ni kama kumtuma mtoto dukani alete mbegu bila kusema mbegu gani: ataleta iliyo karibu na mlango. Sasa inasema inahitaji rekodi kuanzia 1.10, chini ya 2. Kama sentensi hiyo ingekuwepo Ijumaa ile, Gunia lingekataa hata kwa hesabu yake mbovu? Hapana, kwa sababu lingeipima kwa mizani ile ile mbovu. Ndiyo maana kulinganisha lazima kurekebishwe kwanza. Utegemezi wote unasimama juu ya swali hilo moja, lipi ni kubwa.

Mfano mzuri wa kutangaza mahitaji hauko mbali nasi. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kutengenezwa mwaka 2004, na mwezi Februari 2006 ulianza kutumika Eldoret katika mpango wa AMPATH. Mfumo huo umejengwa kwa moduli zinazoongezwa juu ya kiini. Kila moduli hubeba faili la config.xml linaloeleza inahitaji toleo gani la kiini na moduli zipi nyingine. Hayo yasipopatikana, moduli haiwashwi. Kwenye hospitali hiyo ndiyo tabia unayoitaka. Bora programu ikatae asubuhi mbele ya macho yako kuliko ikubali na kukugawia vipimo kwa 10.

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza. Nikapeleka Gunia jipya kwenye shule mojawapo, likaniambia haiwezekani.

Mashine ya shule ina programu ya ripoti za wanafunzi na programu ya vitabu vya maktaba. Zote mbili zinatumia kifurushi kimoja cha kuchapisha. Ripoti 3.0 inataka uchapishaji kuanzia 2. Vitabu inataka uchapishaji chini ya 2. Gunia lilichukua ripoti mpya kabisa, likachukua uchapishaji 2, likafika kwenye vitabu, likagonga ukuta, likakata tamaa. Lakini njia ilikuwepo: ripoti 2.8 inakubali uchapishaji wowote. Lilipaswa kurudi hatua mbili nyuma na kujaribu upya.

Kurudi nyuma kunaonekana rahisi hadi uhesabu. Vifurushi 20, kila kimoja kina matoleo 5: michanganyiko ni zaidi ya trilioni 95. Watafiti wa mradi wa EDOS huko Ulaya walionyesha mwaka 2006 kwamba swali la kama kifurushi kinaweza kusakinishwa ni la kundi liitwalo NP-kamili. Maana yake kwa lugha yetu: ukipewa jibu, kulihakiki ni haraka, lakini hakuna anayejua njia ya kulitafuta ambayo itakuwa haraka katika kila hali. Kwa bahati nzuri vifurushi vya kweli havina ukaidi wa kiasi hicho. Gunia sasa linajaribu, likikwama linakumbuka ni jozi ipi iliyogombana ili lisiirudie, na linaanza na kilichopo kwenye mashine kabla ya kutamani kipya. Shule ikapita. Na pasipo na njia, halisemi tena "haiwezekani" kisha likanyamaza. Linasema nani anagombana na nani, kwa sababu mwalimu anayesoma ujumbe huo hana mimi pembeni.

Jambo la mwisho ni kufuli. Kila usakinishaji ukifaulu, Gunia huandika faili linaloorodhesha kila kifurushi, toleo lake kamili, na alama ya uhakiki ya faili lenyewe. Siku nyingine, mashine nyingine, nikitumia orodha hiyo napata vile vile, si "vinavyofanana". Na flashi hubeba nakala ya kila kilichoorodheshwa. Mwezi Machi 2016 msanidi mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad kutoka ghala la npm, mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Watu wenye mtandao wa kasi waligundua siku hiyo kitu ambacho sisi wa flashi tulikijua: usichobeba mwenyewe, usihesabu kwamba unacho.

Kufuli pia limenisaidia na umeme. Zamani umeme ukikatika katikati, mashine ilibaki na nusu mpya, nusu kuukuu. Sasa vitu vyote huwekwa kwanza kwenye folda mpya, vinahakikiwa, ndipo folda inabadilishwa jina. Umeme ukienda kabla ya hapo, ya zamani bado ipo nzima.

Alhamisi malipo yalitoka. Yule mama alilipwa lita zake 6 za Jumamosi, na lita 6.5 za Jumapili, kutoka kwenye daftari. Hakujua lolote, na sidhani anahitaji kujua.

Shangazi ndiye aliyenipa mtihani wa mwisho kabla sijachomeka flashi tena kwenye laptopu yake. Alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu: 1.9, 1.10, 1.2, 2.0, 1.11. Akasema, "Ipange hii hapa mbele yangu." Nikaziingiza. Gunia likatoa 1.2, 1.9, 1.10, 1.11, 2.0.

Akaipitia kwa kidole, moja moja, kama anavyopitia majina ya wanachama.

"Sawa," akasema. "Sasa ipange na hizi," na akaandika H629 na H6210.

Karatasi hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, na nambari zake zote ziko kwenye faili la majaribio la Gunia. Kila nikibadilisha mstari mmoja wa kanuni, zinapangwa upya kabla flashi haijatoka nyumbani. Wewe unayeandika programu yako, angalia leo inalinganisha matoleo namna gani. Ipe 1.9 na 1.10 uone itakachosema.

Haya, naishia hapo. Mvua inakuja na nguo ziko nje.